Ruzuku ya Bibi Kokoto

Uniti za umeme ziliisha fundi akiwa katikati ya kola. Cherehani ilinguruma kidogo, ikasita, ikanyamaza na sindano yake ndani ya kitambaa, na chumba kikaingia giza la saa moja jioni. Fundi alibaki na mguu juu ya pedali, akingoja, labda uniti zingebadili mawazo. Hazikubadili. Pembeni yake kulikuwa na kapu la mashati ya shule ambayo mwalimu mkuu aliahidiwa kuyapata kabla shule haijafunguliwa, na shule ilikuwa inabisha hodi.

Mama yake aliingia kutafuta miwani. Alikuwa amevaa gauni la mikono mifupi, na alipokaribia meza fundi aliiona kola. Aliuona mshono, ukingo, hata uzi mmoja uliolegea ambao mchana hakuuona. Mwanga ulikuwa unatoka kwenye mikono ya mama, kuanzia viwiko kushuka chini, na kidogo shingoni, wa njano, ule wa alasiri.

"Mama, hebu simama hapo hapo."

"Nimekanyaga nini?"

"Hujakanyaga kitu. Nataka nimalizie hii kola. Sogeza mkono wa kulia kidogo."

Mama akasogeza mkono. Fundi alizungusha gurudumu la cherehani polepole akamaliza kola, kisha akamwomba mama akae kitini kwa ajili ya vifungo, maana vifungo vina ukorofi wao. Miwani ilionekana yenyewe. Ilikuwa juu ya pasi.

Mtaa mzima ulimwita huyo mama Bibi Kokoto. Tangu fundi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mama alikaa kando ya barabara kuu iliyokuwa inajengwa, akigonga mawe kuwa kokoto. Lori lilimwaga mawe, wanawake wakakaa chini, mguu mmoja umenyooshwa na mwingine umekunjwa, kila mmoja na nyundo yake na pete ya mpira wa tairi ya kuzuia jiwe lisiruke na vidole visipondwe. Walilipwa kwa karai. Miti ilikuwa imekatwa ili barabara ipite, kwa hiyo kivuli pekee kilikuwa cha lori lenyewe, na lori halikukaa. Barabara ilipofika mbali, wanawake waliifuata. Walipoifikisha mwisho wake, wakarudishwa kuanza nyingine.

Magoti yalipomkatalia kabisa, Bibi Kokoto aliweka nyundo chini akatangaza kwamba yeye na jua wamemalizana. Hakuwa anatania. Asubuhi aliweka kiti chake nyuma ya nyumba, na mchana akakihamishia mbele, akikimbia jua kama mtu anayekimbia mdai. Majirani walijua saa kwa kuangalia kiti kiko wapi. Hakuomba makubwa maishani. Alitaka kivuli, na chai yenye tangawizi akiwa ndani yake, na asiambiwe na mtu yeyote asogee.

Kitu kingine alichotaka ni mafao ya uzeeni, ili kivuli hicho kisimtegemee binti yake. Kwenye ofisi ya mafao walimpiga danadana mpaka akawajua walinzi kwa majina ya watoto wao. Mtumishi wa dirishani alimwambia kwamba yeye alikuwa kibarua, vibarua hawana kumbukumbu, na kama ana ushahidi kwamba alifanya kazi miaka hiyo yote, aulete. Bibi Kokoto alimwonyesha viganja. Mtumishi alivitazama kwa heshima, akasema viganja havina muhuri.

Mwanga haukuwa na fumbo lolote. Jua lililomwingia miaka yote ile lilikuwa halijapata nafasi ya kutoka, kwa sababu kila siku lilisukumwa ndani na jua la siku iliyofuata. Sasa alikuwa anakaa kivulini, nalo likaanza kujitokea. Mwenzake mmoja waliyegonga naye kokoto alizikwa hivyo hivyo anawaka. Waombolezaji walizima taa ili kupunguza matumizi.

Baada ya siku chache fundi aligundua kwamba mama akishika plagi ya cherehani kwenye kiganja, akaikaza vizuri, cherehani inafanya kazi. Haikumuumiza. Mama alisema anahisi joto kidogo likipungua mabegani, kama mtu anayevuliwa koti. Walikaa hivyo kila jioni, mmoja akishona na mwingine akishika plagi, wakiwasengenya watu wote waliostahili kusengenywa. Ulikuwa wakati mzuri. Fundi alikuwa hajawahi kukaa na mama yake mikono ya mama ikiwa imetulia.

Ni katika siku hizo serikali ilipotangaza ruzuku ya umeme wa jua. Gari la matangazo lilipita mtaani likisema kwamba nyumba yoyote yenye mtambo wake wa sola italipwa, na kwamba jua ni letu sote. Watu walisikiliza kwa hamu mpaka kwenye masharti. Sharti la kwanza lilikuwa ufunge mtambo kwanza, ndipo ulipwe. Wenye duka la jumla wakafunga. Mwenye kituo cha mafuta akafunga nyumba mbili. Wengine waliobaki waliyatazama mabati yao, wakarudi ndani.

Fundi hakurudi ndani. Fundi alifanya kosa ambalo ni mtoto anayempenda mama yake tu anayeweza kulifanya: alidhani serikali ikianza kulipia jua, itamlipa mtu aliyechomwa nalo. Alienda kuandikisha. Walipomuuliza kama nyumbani kwake tayari kuna chombo kinachokusanya na kuhifadhi nguvu za jua, alijibu kwamba kipo, tena cha siku nyingi, na hakusema uongo.

Mkaguzi alikuja asubuhi, mtu mzima mpole mwenye begi la vipimo na kipara kilichoiva kwa jua la kupanda mapaa ya watu. Alisimama uani akatazama juu. Hakuona paneli. Akazunguka nyumba, akamkuta Bibi Kokoto kivulini na kikombe chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka, kaa."

"Nautafuta mtambo."

"Ndiye huyo," fundi alisema kutoka mlangoni.

Mkaguzi aliweka begi chini. Alikuwa amekwisha kuona paneli zilizofungwa juu ya banda la kuku, na moja juu ya kaburi, hivyo hakuwa mtu wa kubishana na mahali watu wanapoamua kuweka vitu vyao. Alimwomba bibi kidole gumba, akakibana na kibanio, akangoja. Kipimo kilipanda, kikasita, kikapanda tena. Alikipiga kofi kidogo ubavuni. Kikarudia vilevile.

"Huu mtambo umekula jua, jamani," alisema. "Nyumba za mjini kati hazifikii hapa."

"Hicho chombo chako kinajua limeingia lini?" Bibi Kokoto aliuliza.

"Kinajua. Jua hukaa kwa matabaka, kama ukuta uliopakwa rangi mara nyingi. Tabaka la chini kabisa, la kwako, ni la mwaka ile barabara kuu inaanza."

Bibi Kokoto aliweka kikombe chini. "Yaandike hayo."

Mkaguzi aliyaandika. Aliyaandika kwenye stika ya serikali, ile ya rangi ya fedha isiyobanduka: aina ya mtambo, uwezo wake, mwaka ulioanza kukusanya jua, na muhuri. Alimwomba radhi, akaibandika upande wa ndani wa mkono, mahali ambapo wanawake wengine huvaa saa. Bibi alivaa miwani akaisoma mara kadhaa, midomo ikicheza. Fundi alikuwa hajamwona mama yake akiwa na furaha ya namna hiyo tangu utotoni, na kusema kweli ilimtisha.

"Sasa, malipo yataingia kwa jina lako, dada," mkaguzi alisema.

"Mlipe yeye. Jua ni lake."

"Mtambo hauwezi kulipwa. Mfumo unakataa. Nilishajaribu kwa mtu mwingine, nikaandikiwa barua." Alionekana kweli ana aibu. "Na kuna jambo lingine. Ruzuku inalipwa kidogo kidogo, kadiri mtambo unavyozalisha. Hapa chini anatoa tu, haingizi. Mkono wa kushoto umeshaanza kufifia, tazama. Mtambo unatakiwa uwe juu ya paa."

"Juu ya paa?"

"Kuanzia jua linapotoka."

Fundi alisema basi hawataki, achukue stika yake aende. Mkaguzi alieleza kwamba stika haibanduki, na kwamba nyumba moja inaruhusiwa mtambo mmoja, kwa hiyo hata wakija kupata hela ya paneli, mpaka huu uliosajiliwa ufe ndipo watafikiriwa. Alisema neno hilo, kufa, kama mafundi wanavyolisema kuhusu betri, kisha akamtazama bibi, akajisahihisha, akasema uchakae.

"Niacheni kwanza," Bibi Kokoto alisema. "Nina safari."

Alioga, akavaa viatu vya kutokea, akaenda ofisi ya mafao. Walinzi walimpisha. Pale dirishani alikunja mkono wa gauni, akaweka mkono wake juu ya kaunta, stika ikiwa juu, kama mtu anayetoa karata aliyoibana mchezo mzima.

Mtumishi aliinama akasoma. Akaita mwenzake, naye akasoma. Walipitisha kidole juu ya muhuri, wakakubaliana kwamba ni halali.

"Kumbe kweli," mtumishi alisema. "Ulikuwa juani miaka yote hiyo."

Sentensi hiyo Bibi Kokoto alikuwa ameingoja mpaka nywele zikawa nyeupe. Ilimwingia ikamshinda.

"Nilikuwa juani," alisema.

"Pole sana, mama yangu. Tumeliona. Sasa shida ni moja." Mtumishi aliugeuza mkono wa bibi taratibu, neno mtambo kwenye stika likamwelekea. "Umesajiliwa kama mtambo. Mitambo haina mafao."

"Na kabla sijasajiliwa?"

"Kabla hujasajiliwa hukuwepo."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa kijana mwenye adabu, akampa bibi maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi za nje, na njiani alimuuliza kama ni kweli anaweza kuchaji simu. Bibi Kokoto alimchajia.

Nyumbani alimkuta fundi akishonea kwenye mshumaa. Fundi alikuwa ameamua kutomwomba mama ashike plagi tena, ili mwanga uliobaki usiishe, na macho yake yalikuwa mekundu, yanatiririka. Alikuwa amejidunga kidole. Kulikuwa na tone la damu kwenye shati la mtoto wa mtu, juu ya mfuko, na fundi alikuwa analisugua kwa mate na sabuni huku akilia, akidai ni moshi. Mashati mengi yalikuwa bado hayana mikono.

Bibi Kokoto alivua viatu vya kutokea akavipanga chini ya kitanda.

"Kesho mwambie fundi umeme wa hapa mtaani aje na ngazi," alisema.

"Mama, hapana."

"Sikuulizi."

"Ulisema wewe na jua mmemalizana."

"Nilisema mimi. Lenyewe halijasema."

"Nitauza cherehani! Nitafua nguo za watu!"

"Halafu uje upate viganja kama hivi, uvipeleke dirishani?" Mama aliuliza. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa ya fundi, lakini fundi ndiye aliyekuwepo. "Mimi kukaa juani najua. Ni kazi niliyosomea. Wewe shona."

Walilala wamenuniana. Asubuhi fundi umeme alikuja na ngazi ya mbao iliyokosa kipago kimoja, akapigilia kiti cha Bibi Kokoto kwenye boriti kwa misumari ya bati, akateremsha waya kupitia darini. Alimuuliza bibi kama anapendelea kuelekea upande gani. Bibi akachagua upande ambao barabara haionekani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, kwa maana ya kwamba yalikwenda. Mashati yalipelekwa shuleni kabla ya kengele ya kwanza. Ruzuku iliingia, kisha ikaingia tena. Mikono ya Bibi Kokoto iliwaka mpaka mabegani, na ikabidi alale na shuka nzito usoni kwa sababu alijiangazia mwenyewe akakosa usingizi. Fundi alipata oda ya sare za manesi. Majirani walizoea kusalimia wakitazama juu, mkono mmoja juu ya macho, na bibi aliwajibu kutoka huko, akiwaambia nani anarudi mapema kazini na nani anapitia wapi. Mchana bati liliwaka moto, na miguu aliiweka ndani ya beseni la maji. Maji yalichemka taratibu, na mengine walitengenezea chai.

Alikuwa amekonda. Kila mtu aliliona, akalitaja kama watu wanavyotaja hali ya hewa.

Fundi hakuwa na raha. Alishona na kila dakika akatazama dari. Aliposikia bati likilia alijua mama amebadilisha mguu, na lisipolia kwa muda mrefu alisimamisha cherehani akaita, "Mama!" naye mama akajibu, "Shona!" Hicho kilikuwa ndicho kilichobaki cha yale mazungumzo yao ya jioni, kwa sababu jioni Bibi Kokoto alishuka hana neno, akala kidogo akalala.

Kwa hiyo fundi alimshonea kofia. Alitumia vipande vilivyobaki vya sare za manesi, vyeupe, akavipanga tabaka juu ya tabaka, akavikaza kwa mishono ya duara mpaka ukingo ukasimama wenyewe, mpana kama sinia. Akaweka kamba za kufungia kidevuni. Hakuwahi kushona kitu kwa uangalifu kama huo, hata gauni la harusi la mtu anayelipa. Bibi Kokoto aliivaa mbele ya kioo, akageuka huku na huku, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya stika.

"Naonekana kama mke wa balozi," alisema, akapanda nayo.

Siku hizo chache zilikuwa afadhali. Alikuwa anashuka na maneno. Jioni moja alisengenya mpaka chakula kikapoa.

Mkaguzi alirudi kwa ajili ya ukaguzi wake wa kawaida, wakati fundi ametoka kwenda kununua uzi. Alipanda ngazi kwa tahadhari, akakanyaga pale ambapo kipago hakipo, akajikamata. Alipofika juu alikuwa anatiririka jasho. Alisalimia, akaulizia magoti ya bibi, akafungua begi na kumbana kidole gumba. Kisha akakaa juu ya bati, akainuka haraka kwa sababu ya moto wake, akachuchumaa.

"Umeshuka, bibi. Uzalishaji."

"Nimeshuka kwa nini? Siondoki hapa."

Mkaguzi aliitazama kofia. Ilikuwa kofia nzuri, na alilisema hilo kwanza. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kivuli hakiruhusiwi juu ya mtambo, hata cha jani, na kwamba wiki iliyopita alimkatia mtu ruzuku kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Yeye angeweza kufumba macho. Kipimo ndicho kisichofumba.

"Ikikatwa, binti yangu atashonea nini?"

"Ndiyo maana nimepanda kukwambia mwenyewe, bibi, kabla sijaandika."

Kutoka chini ilisikika redio ya jirani. Bibi Kokoto alifungua kamba za kidevuni, kidole kimoja baada ya kingine, kwa sababu vidole vyake havikunjiki vizuri, akaivua kofia akaiweka mapajani. Jua likamshukia lote. Kipimo kikapanda.

Alimtazama mkaguzi pale alipochuchumaa. Kipara kilikuwa kimebabuka, ngozi inatoka vipande vipande.

"Una nyumba ngapi zimebaki leo?"

"Nyingi, bibi."

"Vaa hii. Utaumwa kichwa."

Mkaguzi alisema haruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa mwananchi. Bibi alimjibu kwamba yeye si mwananchi, ni mtambo, akamvalisha mwenyewe na kumfungia kamba. Ilimkaa sawasawa. Mkaguzi alimshukuru kutoka moyoni, akaandika kwamba kila kitu kiko vizuri, akafunga begi.

Fundi alikuwa anatokea kona ya mtaa na uzi wake mkononi. Mbele yake, juu ya mabati, aliiona kofia nyeupe inasogea kuelekea ngazi. Moyo ulimruka kwa furaha. Ilikuwa bado mchana kweupe, jua kali, na mama yake ameamua kushuka, amechoka na ruzuku, amesema basi. Fundi alikimbia. Aliingia uani, akaweka mguu wake kwenye kitako cha ngazi, akaikumbatia kwa mikono miwili ili isicheze, paji la uso juu ya mbao, akisikiliza vipago vikilia kimoja kimoja juu yake.

"Taratibu, mama," alisema. "Hapo katikati hakuna kitu. Nimekushika."

"Asante, dada," mkaguzi alisema.

Fundi aliendelea kuishika ngazi mpaka mkaguzi aliposhuka.